Soma Penseli Kabla ya Nota: Mwongozo Kamili wa Kushughulikia Nota za Zamani za Dansi ya Jukwaani

Ukifungua boksi la nota za kikundi cha dansi cha miaka ya 1920, utakutana kwanza na majina unayoyajua: Schumann, Brahms, Liszt, Delibes. Muziki huo ulichapishwa kwa wingi, na mwingi wake leo unapakuliwa bure. Ni rahisi kuliona boksi zima kuwa makaratasi chakavu ya piano. Ambacho huwezi kukipakua ni mistari ya penseli, kurasa zilizobanwa kwa klipu ili zisichezwe, vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya nota, na tarehe ambazo wapigaji waliziandika chini ya ukurasa wa mwisho. Kila hatua hapa chini, tangu kunawa mikono hadi kuskani, ina lengo moja: alama hizo za mkono zisipotee kabla hazijasomwa.

Mfano tunaoutumia ni Denishawn, shule na kikundi cha dansi kilichoanzishwa na Ruth St. Denis na Ted Shawn huko Los Angeles mwaka 1915, kikadumu hadi 1931. Martha Graham, Doris Humphrey na Charles Weidman, waliokuja kuwa vinara wa dansi ya kisasa ya Marekani, walipitia humo. Mkurugenzi wa muziki tangu 1915 hadi 1925 alikuwa Louis Horst. Katika ziara ya Asia ya 1925–1926 nafasi hiyo ilishikwa na Clifford Vaughan. Baadaye Shawn aliunda kikundi cha wanaume pekee, 1933 hadi 1940, Jess Meeker akiwa mpiga piano na mtunzi. Nyaraka zao zimegawanyika: kitengo cha dansi cha Jerome Robbins katika Maktaba ya Umma ya New York kina mkusanyiko wa Denishawn, Jacob's Pillow, kituo cha dansi huko Massachusetts, wana za Shawn na wanaume wake, na karatasi za St. Denis ziko pia UCLA, chuo kikuu cha California huko Los Angeles. Utaratibu ni uleule kwa kikundi kingine chochote cha enzi hiyo.

Anza na jedwali la majina

Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kutafuta dansi kwa jina lake. Nota haijui jina la dansi. *Soaring* ya mwaka 1920 haimo kwenye nota yenye jina hilo. Imo kwenye "Aufschwung" ya Schumann, kipande cha pili cha Opus 12 (yaani kazi yake namba 12). *Radha* ya 1906, dansi ya St. Denis ya kabla ya Denishawn, imejificha ndani ya *Lakmé*, opera ya Delibes ya 1883. Anayetafuta muziki wa Kihindi kwenye boksi la *Radha* hataupata: ni Ufaransa iliyovaa sari.

Kwa hiyo, kabla hujaomba boksi hata moja, chukua programu za maonyesho (vile vijitabu vya kugawa mlangoni) na utengeneze jedwali la safu tano: jina la dansi, jina la muziki kama lilivyoandikwa kwenye programu, jina kamili kwa lugha ya mtunzi, jina la mtunzi, mwaka. Safu ya tatu usiiruke. Programu ya Marekani inaweza kuandika "Waltz, Brahms" tu, na Brahms ana valsi 16 kwenye Opus 39 peke yake. Ni funguo ya muziki na idadi ya kurasa zilizochafuka ndivyo vitakavyokuonyesha ni ipi. Angalia pia programu za miaka tofauti, kwa sababu dansi ileile iliweza kubadilishiwa muziki kati ya msimu na msimu.

Weka alama ya pekee kwa muziki ulioagizwa utungwe, kama *Xochitl* wa Homer Grunn au *The Feather of the Dawn* wa Charles Wakefield Cadman. Huo ukikosekana kwenye boksi, hauna nakala ya kuazima dukani.

Tambua karatasi kabla ya kuipanga

Usipange kwa watunzi. Usipange kwa alfabeti. Usipange kabisa, kwa sasa. Mpangilio uliokuta ni ushahidi: nota zilizofungwa pamoja mara nyingi zimefuatana kama zilivyochezwa usiku mmoja, na ukizitawanya umefuta programu ya usiku huo. Piga picha ya boksi likiwa wazi, kisha ya kila furushi kabla halijafunguliwa, na uandike namba ya mfuatano. Kama wewe ndiye mtunzaji, tia namba kila karatasi juu kulia, upande wa mbele, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza. Kama wewe ni msomaji tu, usiandike chochote.

Sasa tenganisha kwa macho, si kwa mikono bado, aina zifuatazo, maana kila moja inaugua ugonjwa wake.

Nota za piano zilizochapishwa ndizo nyingi. Karatasi yake ni ya massa ya mti yenye asidi. Pembezoni hugeuka kahawia, na kona ya chini kulia huwa nyeusi na imemeguka, kwa sababu ndipo mpigaji alipofungulia ukurasa kwa haraka. Kona hiyo haidanganyi: ukurasa ambao kona yake ni safi kabisa katikati ya nota chafu, kuna uwezekano mkubwa haukuwa ukichezwa. Ukubwa nao unasema jambo. Nota za nyimbo za kibiashara za Marekani zilikuwa kubwa, kama sentimita 27 kwa 34, hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha wachapishaji wakabana karatasi na kuhamia kama 23 kwa 30.

Nota za okestra za kununua, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za tamthilia, huja kwa karatasi moja moja kwa kila ala, pamoja na nota ya piano ambayo ndiyo pia ya mwongozaji. Humo utaona vinota vidogo vilivyochapwa ndani ya karatasi ya fidla: hivyo ni vya zumari au fluti, ili fidla ishike zamu kama mpigaji huyo hayupo. Vikizungushiwa duara kwa penseli, basi siku hiyo hakuwepo.

Nota za kuandikwa kwa mkono ni kazi ya wanakili. Wino mweusi wa zamani wenye chuma unaweza kula karatasi hadi ikatoboka kwenye vichwa vya nota. Ukiona kahawia imepenya upande wa nyuma, usiikunje wala kuiinamisha karatasi hiyo.

Kisha kuna nakala za kemikali, na hapa wengi huharibu kwa nia njema. Nakala za bluu zenye mistari meupe hupauka zikiwekwa kwenye karatasi yenye alkali, ile ile inayosifiwa kwa nyaraka nyingine. Hizo zinataka folda isiyo na alkali. Nakala za ozalidi, ambazo watunzi walianza kuzitumia sana kuanzia miaka ya 1930 kwa kuandika kwanza kwenye karatasi inayopitisha mwanga, hupauka kwenye mwanga na hutoa kemikali zinazochafua jirani zake. Zitengewe boksi lake. Nakala za picha, nyeupe juu ya nyeusi, nazo zikae peke yake.

Mwisho ni makaratasi yaliyochomekwa: orodha ya taa, risiti ya hoteli, bahasha yenye hesabu za mapigo. Usiyatoe kuyapeleka "mahali pake." Mahali pake ni kati ya ukurasa wa nne na wa tano ulipoyakuta. Kama ni lazima yatengwe kwa sababu yana asidi, acha karatasi safi ya kushika nafasi yenye maelezo.

Mikono, pini na klipu

Nawa mikono, kausha kabisa, usipake mafuta. Glavu za pamba usizivae kwa karatasi: hunasa kwenye kingo zilizomeguka na kukunyima hisia ya vidole. Kalamu za wino zibaki nje ya chumba. Ukifunua ukurasa unaovunjika, pitisha karatasi safi ngumu chini yake, ugeuze zote mbili pamoja.

Kuhusu klipu, pini na uzi, simama kidogo. Mwongozo wa kawaida wa nyaraka unasema ondoa chuma, kinaleta kutu. Ni kweli, lakini katika nota za dansi klipu huenda haikuwekwa kushika karatasi zisipotee. Ilibana kurasa mbili au tatu pamoja ili mpiga piano azifungue kama ukurasa mmoja, yaani zirukwe. Klipu hiyo ni mkato wa muziki. Ukiitoa bila kuandika, umerudisha vipimo 40 ambavyo havikuchezwa, na hakuna atakayejua. (Kipimo, humu, ni mapigo yaliyofungwa kati ya mistari miwili ya wima.)

Fanya hivi:

1. Piga picha ya klipu ilivyo, upande wa mbele, wa nyuma na wa pembeni.
2. Andika kurasa zilizobanwa na vipimo vilivyozibwa, wa kwanza na wa mwisho.
3. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ya poliesta kati ya klipu na karatasi, pande zote mbili.
4. Shika kitanzi kikubwa kwa dole gumba, inua kitanzi kidogo taratibu. Usiivute klipu ikiserereka juu ya karatasi, kutu imeshaishika.
5. Kwa pini za stepla, geuza upande wa miguu, pitisha poliesta chini ya miguu, inyanyue mmoja mmoja kwa kisu bapa kisicho na makali, kisha utoe pini kwa upande wa mbele. Kile kitoleo cha ofisini chenye meno kinang'oa karatasi.
6. Uzi wa kushona kurasa usiukate. Funua kadiri unavyoruhusu, piga picha ya ndani kwa pembeni, basi.

Hata pale klipu ilipokwisha kutolewa na mtu mwingine zamani, tafuta madoa ya kutu. Madoa mawili yanayokabiliana, ukurasa wa tatu na wa sita, yenye umbo lilelile na urefu uleule, yanasema kurasa hizo ziliwahi kubanwa. Yaandike kama ushahidi wa mkato.

Mipira ya kufungia ikishagandamana, usiivute. Kata, uache kilichonata. Selotepu usiiguse. Gundi yake imeingia ndani ya karatasi, na chini yake huenda kuna penseli itakayong'oka pamoja nayo. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa ukarabati.

Kusafisha? Brashi laini, kutoka katikati kwenda nje, inatosha. Sifongo kavu ya kuondolea masizi itumike pembezoni tu, mahali ulipohakikisha hapana alama. Kifutio, hapana. Maji ndiyo marufuku kubwa zaidi: wapigaji wa enzi hiyo walitumia penseli ya kijivu isiyofutika ambayo ikipata unyevu hugeuka zambarau na kusambaa. Kidole chenye jasho kinatosha kufanya uharibifu huo.

Kuziweka

Hapa hatuna mengi. Folda zisizo na asidi wala lignini (kitu cha mti kinachoigeuza karatasi kahawia), zenye akiba ya alkali kwa karatasi za kawaida. Nota zilale bapa, zisisimame. Boksi lisijazwe hadi likaze wala lisiachwe tupu nusu. Joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, unyevu asilimia 35 hadi 50, na muhimu kuliko namba hizo ni kutopandapanda na kushuka. Ukungu hupata nafasi unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, kwa hiyo mwenye nakala halisi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam asitegemee kabati la kawaida. Chumba chenye mzunguko wa hewa na mashine ya kupunguza unyevu ndicho kinachofaa, tena mbali na ukuta wa nje.

Kuskani bila kupoteza rangi

Skani kwa rangi, biti 24, nukta 400 kwa inchi, faili la TIFF. Ukurasa wa sentimita 23 kwa 30 utakuwa na uzito wa megabaiti 50 hivi, kwa hiyo boksi la kurasa 400 ni gigabaiti 20. Panga nafasi mapema, maana katikati ya kazi watu huanza kushusha ubora ili faili zitoshe. Sehemu zenye penseli iliyofutwa, panda hadi nukta 600.

Skani ya nyeusi na nyeupe tupu usiikubali hata kama wanaitoa bure. Inaonyesha nota vizuri sana na kuiua penseli: bluu hupotea kabisa, nyekundu hugeuka nyeusi kama chapa, na mikono mitatu iliyoandika kwa rangi tatu inakuwa mkono mmoja.

Kwenye picha ya kwanza ya kila nota weka rula na kadi ya rangi. Skani majalada, kurasa tupu na migongo. Kipande kilichobandikwa upande mmoja kipigwe mara mbili, kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi, majina ya faili yakifuatana na kuishia kwa herufi a na b. Kwa penseli iliyofutwa, zima taa za juu, weka taa moja upande wa kushoto ikiwa karibu kulala juu ya meza, upige tena. Mfereji ulioachwa na ncha utatupa kivuli hata kama risasi yake imeondoka.

Tunza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine.

Kusoma tabaka

Nota moja ina angalau tarehe tatu: ya kuchapwa, ya alama za kwanza, ya alama za mwisho. Usiandike mwaka mmoja kwenye kumbukumbu. Tarehe ya hakimiliki iko chini ya ukurasa wa kwanza. Namba ya bamba, ile inayojirudia chini ya kila ukurasa, inaonyesha lini bamba lilichongwa, wala si lini nakala hii ilitoka mashineni. Muhuri wa duka unakupa mji. Tarehe za wapigaji ziko nyuma, chini ya mstari wa mwisho, mara nyingi pamoja na jina la mji na la ukumbi.

Kutenganisha mikono, uliza kila alama swali moja: ipi iko juu ya ipi? Bluu iliyokatwa na nyekundu ni ya zamani kuliko nyekundu. Mkato uliofutwa na kurudishiwa neno "play" una maisha mawili. Unda orodha fupi: mkono A ni bluu nene, mkono B ni penseli nyembamba inayolalia kushoto, na kadhalika. Usiwape majina ya watu hadi upate barua iliyosainiwa ya kulinganisha. Kila mtu angependa kila mstari wa bluu uwe wa Horst.

Alama utakazokutana nazo mara kwa mara:

*Vi-* mahali fulani na *-de* mbele yake: ruka kutoka hapa hadi pale. Hili ndilo neno moja lililopasuliwa, na ukilipata nusu, nusu ya pili ipo, endelea kutafuta. *V.S.*: geuza ukurasa upesi. *Tacet*: ala hii inyamaze. *G.P.*: kimya cha wote. *Attacca* au *segue*: usisimame, ingia kipande kinachofuata. Mchoro wa miwani: mtazame mwongozaji. Mstari wa mawimbi juu ya nota: mwendo unalegea. *Vamp* au *till ready*: zungusha vipimo hivi mpaka mchezaji awe tayari. Hii ya mwisho ndiyo inayoleta shida zaidi kwa anayetaka kujua urefu wa dansi, kwani idadi ya mizunguko haikuandikwa. Ilitegemea mtu alikuwa amemaliza kubadili vazi au bado.

Maandishi kama *curtain*, *lights* au herufi za majina ya wachezaji yana thamani kuliko nota zote za ukurasa huo. Yaandike kwa kipimo na pigo, si kwa ukurasa. Mfano wa kuandika kumbukumbu: "Nota ya piano, uk. 3, kipimo 33, pigo la 2: mkono B, penseli, 'T.S.' na mshale kushoto." Usiseme "Shawn anaingia kushoto." Hiyo ni tafsiri yako, nayo iende kwenye safu yake.

Nota za ala zinapopingana

Zitapingana. Denishawn walicheza pia kwenye majumba ya vodevili (maonyesho ya burudani mchanganyiko), ambako msanii alifika na nota zake akazikabidhi kwa okestra ya ukumbi, wakafanya zoezi moja, kisha wiki iliyofuata mji mwingine na okestra nyingine. Karatasi ya fidla ya pili inaweza kuwa imepita mikononi mwa watu 30. Ya piano ilisafiri na mtu wa kikundi.

Kwa hiyo usipige kura tu. Weka jedwali, kila ala safu yake, kila mkato mstari wake, na uandike kama upo, haupo, au umefutwa. Mkato ukiwa kwenye piano na kwenye ala nyingi, ukubali. Ukiwa kwenye piano peke yake, inawezekana ni wa onyesho la piano bila okestra, na hapo una dansi mbili za urefu tofauti, si makosa. Ukiwa kwenye tarumbeta peke yake, pengine mpigaji aliruka sehemu iliyomshinda. Herufi za mazoezi (zile za kuonyesha pa kuanzia mnaporudia) zikitofautiana kati ya karatasi na karatasi, ujue seti imeunganishwa kutoka misimu miwili.

Ala zinazoandikwa kwa funguo nyingine zichunguze kabla ya kushtaki nota kuwa na kosa: klarineti ya B bapa huandikwa sauti nzima juu ya inavyosikika, na seti za zamani hubadili kati ya klarineti ya A na ya B bapa katikati ya kipande.

Kuhesabu urefu, na mtego wake

Tengeneza jedwali la ulinganifu: safu ya vipimo vilivyochapwa, safu ya vipimo vilivyochezwa. Tuseme valsi ina vipimo 64. Penseli inakata 17 hadi 32, hivyo vinabaki 48. Kisha 33 hadi 40 vimeandikiwa "3x," mara tatu badala ya moja, vinaongezeka 16. Jumla inarudi 64. Anayelinganisha jumla peke yake ataona hakuna kilichobadilika, kumbe robo ya muziki imetoka.

Urefu wa saa: vipimo mara mapigo, gawanya kwa mwendo. Vipimo 64 vya mapigo matatu ni mapigo 192. Kwa mwendo wa mapigo 132 kwa dakika ni sekunde 87.

Wachezaji hawahesabu hivyo. Kwenye valsi wengi huhesabu kipimo kizima kama moja, wakaenda kwa nane: nane moja yao ni vipimo vinane, mapigo 24. Ukipata daftari la dansi linalosema "nane nne" usitafute mapigo 32. Tafuta vipimo 32. Andika hesabu zote mbili kwenye jedwali.

Mwendo: jihadhari na filamu

Namba ya metronomu (kifaa cha kupimia mwendo) iliyochapwa ni ya mchapishaji. Iliyoandikwa kwa penseli ni ya dansi. Ikigongana na iliyochapwa, fuata penseli. Pasipo penseli watu hukimbilia filamu, na ndipo wanapoharibikiwa. Filamu bubu za milimita 16 nyingi zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde au karibu yake. Ikihamishiwa video kwa fremu 24, kila kitu kinaenda mara moja na nusu: hatua 132 kwa dakika zinaonekana 198, na mpiga piano anayezifuata atavunja vidole.

Kupata kasi ya kweli, tumia mruko. Uvutano haubadiliki: mtu anayeinuka sentimita 40 kutoka sakafuni hukaa hewani sekunde 0.57. Pima kimo cha mruko kwa kulinganisha na urefu wa mwili wake, pima muda kwenye video. Ukipata sekunde 0.38, filamu inakwenda mara 1.5, na unaipunguza kwa kiasi hicho. Pima miruko mitano au zaidi, tena ya wima, kwenye sehemu tofauti za filamu, maana kamera ya kuzungushwa kwa springi hupungua nguvu njiani.

Vazi nalo linaamua mwendo. *Soaring* inachezwa na wanawake watano na kitambaa kimoja kikubwa cha mraba kinachopandishwa na kushushwa. Kitambaa hakiwezi kushuka haraka kuliko hewa inavyokiachia. Ukipiga Schumann kwa kasi ya jukwaa la tamasha la piano, kitambaa kitachelewa kila mara. Pigeni pamoja na kitambaa chenyewe mazoezini kabla hamjaandika namba yoyote.

Nota ya kuchezea

Programu ya MuseScore inatosha, na ni bure. Chapa kwanza muziki kamili kama ulivyochapishwa, pamoja na vipimo vilivyokatwa, na uuhifadhi kama faili la msingi. Kisha toa nakala, ukate na kurudia kufuatana na jedwali. Usiingize mikato moja kwa moja kwenye faili la msingi; ukigundua baadaye kwamba mkono B ulikuwa wa msimu mwingine, utaanza upya. Acha namba za zamani za vipimo zionekane kwenye mabano juu ya mistari, ili mtu mwenye picha za asili aweze kufuatilia. Mahali pa *vamp* weka alama ya marudio yasiyo na idadi, na mpe mpiga piano dirisha la kumwona mchezaji.

Nyongeza zako zote ziwe na rangi au mabano tofauti. Mpiga piano wa kesho hatakiwi kubahatisha kipi ni cha 1923 na kipi ni chako.

Ruhusa

Huko Marekani nota iliyochapishwa enzi hiyo hulindwa kwa muda usiozidi miaka 95 tangu kuchapishwa, hadi mwisho wa mwaka. Ya 1924 iliachiwa tarehe 1 Januari 2020. Isiyowahi kuchapishwa kwa kawaida hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo: Horst alifariki 1964, kwa hiyo karatasi zake za mkono zinafika mwisho wa 2034. Mpangaji wa muziki (aliyeuandika upya kwa ala nyingine) ana haki yake mbali na mtunzi, na dansi yenyewe ina haki yake mbali na muziki. Uliza pia maktaba, kwani ruhusa ya kupiga picha kwa ajili ya kusoma haimaanishi ruhusa ya kuzichapisha.

Ukimaliza, wapelekee wenye nyaraka jedwali la mikato, la mikono na la ulinganifu, yakiwa na namba za boksi na folda kama zilivyo kwenye orodha yao, katika faili la maandishi la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Picha za klipu kabla hazijatolewa ziende pamoja nayo.